Muulize Mwalimu: Hawa wa shetani, mbona wenyewe hawapatani?

Jamani, mwezi uliopita nlijibu swali dogo la kijana wa Mokowe aliyetaka kujua kama kweli kuna watu wana kanisa la shetani lenye karatasi za serikali, nkamwambia ndio, yako Marekani, tena ni zaidi ya moja na hayapatani, bas, nkaendelea na barua ya mtu aliyeuliza habari za hati ya shamba. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu yangu haijapoa tangu siku ile, mwingine kanisimamisha pale Mkunguni nimebeba samaki wangu mkononi akataka nimweleze hapo hapo juani. Kwahivo leo safu nzima ni hii, na wenye maswali ya mashamba na mirathi mniwie radhi, zamu yenu mwezi ujao inshallah.

Na kabla hamjaniuliza: mimi ni Muislamu, mtoto wa Mkomani hapa Lamu, nimefundisha historia miaka 31, na kila nikifungua Qurani naanza kwa kujikinga na shetani aliyelaaniwa kama nyinyi mnavyofanya. Siwatetei hawa watu. Lakini nimeona kwa macho yangu mtoto wa watu akiharibiwa maisha kwa neno shetani lililotoka kinywani mwa mtu asiyejua anasema nini, kwahivo nikiulizwa nitasema mambo vile yalivyo.

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Langoni. Kijana wangu wa pili yuko chuo Mombasa na sasa amekuja likizo. Nlikuwa namfulia nkatoa vitu kwenye begi nkaona daftari, ndani amechora kichwa cha mbuzi katikati ya nyota na chini yake mistari saba ya Kizungu. Nimempa jirani anisomee akaniambia hii ni dini ya shetani, nimtoe nyumbani kabla hajawaharibu wadogo zake. Silali mwalimu. Leo siku ya nne na sijamuuliza kitu, babake pia hajui. Nakutumia picha ya karatasi, nambie ukweli hata kama ni mchungu.

Waalaykum salaam mama, na pole sana, nimeisoma barua yako usiku na mimi pia sikulala vizuri.

Ile picha nimeivuta kubwa nkaisoma mara tatu. Ameandika kwa biro nyekundu, mstari wa sita ameukata akauandika upya, na pembeni kabisa, pale jirani yako hakuangalia au hakutaka kuangalia, kuna maneno ya Kiswahili kwa penseli, madogo, yanasema "mbona hapa hawataji Mungu wala Shetani?" Mama, hilo ni swali. Mtu anayeabudu kitu hakiulizi maswali kwa penseli pembeni mwa karatasi. Mwanao anasoma kitu na hakimuingii akilini, na swali lake ni zuri kuliko maneno yote ya jirani.

Maana ni kweli, hiyo mistari saba haimtaji. Hizo ni kanuni saba za watu wanaojiita The Satanic Temple, tuwaite Hekalu, makao yao makuu yako mji wa Salem jimbo la Massachusetts, walianza mwaka 2013 na waanzilishi wao wanajulikana kwa majina ya Lucien Greaves na Malcolm Jarry. Kanuni ya kwanza inasema mtu ajitahidi kuwa na huruma kwa viumbe wote, kwa kutumia akili. Nyingine inasema mwili wa mtu ni wake mwenyewe. Nyingine inasema imani zetu zifuate kile sayansi imethibitisha, na ile aliyoikata akaiandika tena inasema watu hukosea, ukikosea rekebisha. Wao hawaamini kuna Mungu na hawaamini kuna shetani. Ukiwauliza basi mbona mwajiita hivo watakwambia shetani kwao ni mfano tu wa mtu aliyekataa kuburuzwa, kama wanavyomuona kwenye mashairi ya Milton wa Uingereza ya mwaka 1667, na neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni mpinzani.

Sasa mimi kama Muislamu nakwambia wazi sikubaliani nao. Kusema imani ifuate sayansi peke yake ni kumuondoa Mola pahala pake, hilo si jambo dogo na mwanao anahitaji mtu wa kukaa naye wazungumze. Lakini ni tofauti kabisa na hicho anachokidhania jirani yako, damu na mishumaa na kuchinja paka usiku. Mtu asiyeamini shetani yupo atamchinjia nani?

Nambie nikusimulie kisa, halafu utaamua. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikaongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikatoka hadharani mwaka 1999 ikisema kitu hicho kipo na kimeingia mpaka mashuleni. Miaka hiyo mimi nlikuwa nafundisha shule moja ya bweni, siitaji. Msichana wa fomu tu akaanguka darasani akipiga kelele, wa pili akaanguka jioni, siku ya tatu wakawa tisa. Wakaitwa wa kuombea, wakaitwa wa kusoma, na mwisho wakaonyeshwa kidole wasichana watatu kwa sababu mmoja wao alikuwa na pete nyeusi na kitabu cha picha za nyota alichopewa na mtalii. Nyota za mbinguni mama, Mwezi na Zuhura! Nlikuwa kwenye kile kikao na nlinyamaza, nlikuwa mwalimu mdogo naogopa kazi yangu. Nlimsindikiza mmoja wao mpaka bandarini na sanduku lake la bati, kamba imefungwa kwa fundo mbili, na njia nzima hakulia, aliniuliza swali moja tu, mwalimu nikifika nyumbani niwaambie nimefanya nini? Sikuwa na jibu. Hakurudi shule. Nilisikia ameolewa kabla mwaka haujaisha.

Na si kwetu tu. Huko Arkansas, Marekani, mwaka 1994 vijana watatu walihukumiwa kwa kuua watoto, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa ati mmoja wao anavaa nguo nyeusi, anasikiliza muziki wa makelele na anasoma vitabu vya uchawi, huyo akapewa hukumu ya kifo. Wametoka jela mwaka 2011, miaka 18 imepita hiyo tangu wakamatwe 1993, baada ya vipimo vya vinasaba kutoonyesha alama yao pale.

Kwahivo mama yangu, usimtoe. Mpikie, mkae wawili, umwambie nimeliona daftari lako nlipokuwa nafua, nisomee hii uniambie imesema nini na wewe umeona nini. Anza na hiyo penseli. Na babake aambiwe na mwanao mwenyewe, si na jirani. Akitaka mtu wa kujadiliana naye nyumba yangu anaijua kila mtu, aje baada ya isha.

Mwalimu salaam nyingi kutoka Malindi. Mimi ni fundi wa simu hapa karibu na soko la zamani, hapa kwangu wanakaa vijana jioni na juzi imetokea vita ya maneno. Mmoja anasema hawa wa sanamu la mbuzi ndio satanisti wakubwa duniani, mwingine ameonyesha kwenye simu kwamba Kanisa la Shetani lenyewe limesema hao wa sanamu si satanisti kabisa ni waongo. Tukachoka. Inakuaje mtu anaambiwa wewe si wa shetani wa kweli? Na nani ana haki ya kusema?

Kijana wangu hapo umegusa penyewe, kaa tayari.

Wa kwanza kuliweka jambo hili barabarani, na ofisi na kadi za memba, ni Anton LaVey wa San Francisco. Usiku wa Aprili 30, 1966 alinyoa kichwa akatangaza Kanisa la Shetani, Church of Satan, na mwaka 1969 akatoa kitabu alichokiita Biblia ya Kishetani. LaVey hakuamini kuna shetani mwenye pembe amekaa pahala. Kwake shetani ni jina la tabia ya binadamu, ile tamaa, kiburi na kupenda raha, na alisema dini zimewafanya watu waone aibu na maumbile yao. Ana matamko 9 na baadaye akaweka sheria 11, na ndani ya hizo 11 kuna inayosema usidhuru watoto wadogo na nyingine inasema usiue mnyama ila akikushambulia au kwa kula. Wengi hapa hawajui hilo, wanadhani LaVey ndiye aliyefundisha kuchinja watoto.

Lakini usimuone kama mtu wa huruma. LaVey alisema upole wape wanaostahili, usiupoteze kwa wasio na shukrani, na akupigaye shavu usimgeuzie la pili, mlipize. Sasa weka hilo karibu na kanuni ya kwanza ya wale wa Hekalu, ndio hao wenu wa sanamu, niliyomwambia mama wa Langoni, huruma kwa viumbe wote. Unaona? Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, watu wanaona sanamu na mbuzi lakini kinachowatenganisha ni hiki, yani mnyonge umtendeeje. LaVey anasema kila mtu abebe mzigo wake na mwenye nguvu asione haya kuwa na nguvu. Hekalu linasema tupiganie haki, twende mahakamani, tusimame na waliodhulumiwa. Mimi nikisoma hivi vitu viwili naona ni kama dini mbili zilizoazima jina moja.

Ishu ya pili ni siasa. Kanisa la LaVey linasema siasa ni ya mtu binafsi, memba mmoja awe kulia mwingine kushoto, kanisa halina mgombea. Hekalu kazi yake kubwa ni hiyo hiyo. Pale Oklahoma serikali iliweka jiwe la Amri Kumi nje ya bunge la jimbo, Hekalu likasema sawa, na sisi tunaomba tuweke letu pembeni, wakatengeneza sanamu la shaba la Baphomet, mwenye kichwa cha mbuzi na watoto wawili wamesimama kwake, refu zaidi ya mita 2, wakalizindua Detroit mwaka 2015. Mwaka huo huo mahakama kuu ya Oklahoma ikaamuru jiwe la Amri Kumi liondolewe, nao wakaacha kuomba. 2018 wakalipakia kwenye lori wakalipeleka Arkansas kwa ugomvi wa namna ile ile. Hoja yao ni kwamba serikali ikifungulia dini moja mlango ifungulie zote, au ifunge. Mwaka 2019 ofisi ya kodi ya Marekani ikawatambua kama kanisa, na hapo ndio wale wa zamani wakakasirika zaidi.

Kanisa la LaVey, ambalo kiongozi wake tangu 2001 ni Peter Gilmore, linasema satanisti ni yule anayefuata alichoandika LaVey, mwisho, wengine wote ni wanasiasa waliovaa pembe. Hekalu nao wanajibu kwamba LaVey hakununua neno hilo sokoni, na kwamba mawazo yake ya mwenye nguvu mpishe yamepitwa na wakati. Hapo ndio ubishi wenu wa dukani. Kwa hilo swali la nani ana haki ya kusema, mimi naona hayupo, kwasababu hawana nabii wanayemkubali wote, hawana kitabu kimoja, na hata mwanzilishi wao alishasema kila mtu ni mungu wake mwenyewe. Ukishawafundisha watu hivo halafu useme nifuateni mimi peke yangu, wakikataa usishangae.

Na kuna kundi la tatu ambalo vijana wako hawakulitaja, na kwangu ndilo lenye kisa kikubwa. Mwaka 1975 LaVey alianza kugawa vyeo vya ukuhani kwa watu waliolisaidia kanisa kwa pesa na mali. Kulikuwa na ofisa wa jeshi la Marekani, Michael Aquino, kuhani mkubwa pale, yeye akaona hii ni dharau. Sasa sikiliza kwa nini. Kwa LaVey shetani ni mfano tu, kwahivo cheo ni kitu cha kanisa, anaweza kukitoa anavyotaka. Aquino aliamini shetani yupo kweli na ukuhani anautoa yeye, kwahivo kuuza cheo kwake ilikuwa sawa na kuuza kitu kisicho chako. Miaka yote walikuwa wanakaa meza moja, wanasoma maneno mamoja, na mmoja anaamini anaigiza na mwenzake anaamini ni kweli, mpaka ilipokuja habari ya pesa ndipo ikajulikana. Aquino akaondoka na waliomfuata, akasema mwezi Juni mwaka ule ameita na aliyejibu akajitambulisha kuwa ni Set, mungu wa Misri ya kale, wakaanzisha Hekalu la Set. Kwao Set ni kiumbe cha kweli, ndiye aliyempa binadamu hii akili ya kujijua, na kazi ya mtu ni kuikuza. Baadhi yao hata hilo jina la satanisti hawalitaki.

Usidhani yameishia hapo. Nyumba ya LaVey ilianza kuvunjika hata kabla hajafariki Oktoba 1997, mwanawe Zeena alikuwa msemaji wa kanisa miaka ya themanini akatoka mwaka 1990 na kumkana babake, akaingia kwa mahasimu wa babake wa Hekalu la Set, na huko pia akatoka 2002. Mwanawe mwingine, Karla, akaanzisha kanisa lake mwaka 1999. Hawa wa sanamu nao, 2018 tawi lao la Los Angeles likajitoa kwasababu ya mwanasheria aliyechukuliwa na viongozi, na 2020 wakawapeleka waliokuwa wenzao wa jimbo la Washington mahakamani wakigombania kurasa za Facebook. Yani mtu wa Malindi aliyewahi kuona komiti ya msikiti au ya kanisa ikigawanyika kwa ajili ya kipaza sauti hatoshangaa sana.

Halafu wapo wanaoamini shetani ni mungu wa kweli na wanamuomba, hawako chini ya ofisi moja, wengi ni mmoja mmoja na vikundi vidogo, na kwao LaVey ni mkana Mungu aliyevaa joho. Na wapo wabaya, sitaki mseme mwalimu amewaficha. Kundi la Order of Nine Angles lilianza Uingereza miaka ya sabini, maandishi yao yanasifia kuua watu, na limechanganyika na wafuasi wa Hitler. Mwaka 2023 mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa akifuata maandishi hayo alifungwa miaka 45 kwa kupanga kikosi chake mwenyewe kishambuliwe. Kanisa la LaVey na Hekalu wote wanawakataa hao, ni katika mambo machache sana wanayokubaliana.

Kitu kimoja waambie vijana hapo dukani, kimenikaa kichwani tangu nianze kusoma habari hizi. Iblisi wa kwenye Qurani hakukana kuwa Mungu yupo. Alikataa kumsujudia Adam, akasema mimi ni bora, nimeumbwa kwa moto na yeye kwa udongo, na alipofukuzwa alimuomba Mola wake ampe muda mpaka siku ya kufufuliwa. Anasema Mola wangu! Sasa huyu LaVey na hawa wa sanamu wanasema hakuna Mola na hakuna Iblisi. Kwahivo shetani wao si huyu wetu tunayemjua, wamechukua jina wakaacha mwenyewe. Kumbe waliobaki karibu na yule wa kwenye vitabu vyetu ni wale wachache wanaoamini yupo, na hao ndio hawana sanamu, hawana mawakili wala hawaonekani kwenye habari.

Mwalimu nimetumiwa meseji WhatsApp ati nijiunge na Illuminati nitapewa gari na shilingi milioni 5 ndani ya masaa 72, nimeshatuma 3,500 ya fomu sasa wanataka 8,000 ya damu ya mbuzi. Naogopa nikikataa watanidhuru. Kijana, Watamu.

Mwanangu hao ni matapeli, pengine wako chumba kimoja na wenzao watatu na laini ishirini. Hakuna mbuzi. Usitume shilingi nyingine hata wakutishie kwa picha ya jeneza. Hayo makanisa niliyoyataja juu hayagawi magari, la LaVey linamlipisha memba zaidi ya dola 200 mara moja kwa maisha yake yote na hata mkutano hawalazimishi, la sanamu kujiunga ni bure. Illuminati wa kweli walikuwa chama cha siri cha Bavaria, Ujerumani, kilianzishwa 1776 na kikapigwa marufuku na serikali baada ya miaka kama kumi hivi, hawana M-Pesa. Hifadhi hizo meseji na namba, nenda kituo cha polisi andikisha, halafu waambie kampuni ya simu. Na umwambie mtu mmoja wa nyumbani leo hii, ile hofu uliyonayo ndiyo biashara yao.

Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni Mkristo wa Maweni, Malindi, na nina uchungu. Baada ya Shakahola kila mtu hapa alisema ni kazi ya shetani, yule mhubiri alikuwa anaabudu shetani kisiri. Dada wa mke wangu na watoto wake wawili waliingia ule msitu. Je unaamini walikuwa satanisti?

Ndugu yangu, pole, pole sana, na Mungu awarehemu hao wako. Niliisoma barua yako nkaiweka chini nkatoka nje kwanza.

Hapana. Sijaona kitu chochote cha makundi haya katika Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa kwenye ule msitu, na walionusurika wamesema waliambiwa wafunge, wasile wala wasinywe, ili wakutane na Yesu. Jina lililotumika ni la Yesu, kitabu kilichoshikwa ni Biblia. Najua kwa nini watu wanasema ni satanisti, na sisi Waislamu tunafanya vile vile kwetu wakitoka vijana wa Al-Shabaab msitu wa Boni na bunduki, tunasema hawa si wenzetu, wametumwa. Inapunguza maumivu. Lakini dada wa mke wako hakumfuata mtu aliyevaa pembe, angemkimbia. Alimfuata mtu aliyeongea lugha ya kanisani anayoijua tangu utoto, na tukisema alikuwa wa shetani kisiri tutakuwa tunawafundisha watoto wetu wamtafute mwenye nyota na mbuzi, na yule mwenye Biblia au msahafu anayewakataza kula, kwenda hospitali na kwenda shule tumpishe njia.

Marekani walipita hapo. Miaka ya themanini waliwatafuta waabudu shetani kila pahala, shule moja ya chekechea huko California, ya familia ya McMartin, walimu wakashtakiwa kuwatesa watoto kwa ibada za siri, kesi ikaenda kutoka 1983 mpaka 1990 na hakuna aliyepatikana na hatia. Mtaalamu wa FBI Kenneth Lanning akaandika mwaka 1992 kwamba huo mtandao mkubwa wa wauaji wa shetani uliosemwa, ushahidi wake hakuuona. Na wakati watu wanatafuta mtandao usiokuwepo, watoto waliokuwa wanaumizwa kweli na watu wa nyumbani kwao walikuwa wanangoja. Kama unahitaji mtu wa kukaa naye tu, bila maneno mengi, nikija Malindi kwa mwanangu nitakutafuta, nimeihifadhi namba yako.

Mwalimu mwanangu, naandikiwa na mjukuu. Mimi ni mtu mzima wa Matondoni. Mjukuu wangu mwingine amerudi Nairobi ananambia sisi wazee wa pwani ndio waabudu shetani wa kwanza, ati kwa sababu ya ngoma za pepo. Nimeumia. Mjibu kwa niaba yangu.

Nakushika miguu bibi. Nitamjibu.

Huyu kijana amechanganywa na neno. Kiswahili chetu tunasema fulani ana shetani, ana mashetani, na maana yake ni pepo amempanda, si kwamba yeye anamuabudu Iblisi. Mimi nimekaa kwenye hizo ngoma nikiwa mtoto, shangazi yangu alikuwa kiti, yani mtu anayepandwa na pepo. Namkumbuka amefunikwa shuka nyeupe, chetezo cha ubani kiko chini ya shuka moshi unatoka shingoni, na mganga anamuuliza huyo pepo kwa heshima kabisa wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini, na pepo anajibu kwa sauti si ya shangazi anataka marashi na halua na kanga mpya. Watu walikuwa wanamkaribisha kama mgeni mkorofi, wampe chake aondoke amuache mtu wao. Ni kupunga, ni tiba, na masheikh wengi wanaikataza mpaka leo na mimi nawaelewa kwa nini wanaikataza. Lakini ukimtibu mtu aliyekamatwa hujamuabudu aliyemkamata. LaVey hata pepo hawaamini, angemwambia shangazi yangu unaigiza.

Nisalimie huyo mjukuu wa Nairobi bibi, na umwambie akivuka kuja mjini apite kwangu, baraza iko upande wa kivuli na baada ya alasiri nakuwa nimekaa.